Mababu walikula nini hasa? Mabishano ya wataalamu, kutoka Olduvai hadi mto Semliki

Pale Ishango, katika teritware ya Beni, Kivu ya Kaskazini, mto Semliki unatoka katika ziwa Edward na kuanza safari yake ya kuelekea ziwa Albert. Wavuvi wa Kyavinyonge wanapajua vizuri. Ndani ya kingo za mto huo kuna udongo uliojaa mifupa ya samaki, ya viboko na ya swala, pamoja na vyusa vya mfupa vilivyochongwa kwa mkono maelfu ya miaka kabla ya mtu yeyote kupanda muhogo katika Afrika. Mabaki hayo ni sehemu ya ushahidi katika mabishano yaliyodumu karibu miaka mia moja: wazee wa kale kabisa wa binadamu walikula nini?

Swali hilo linaweza kuonekana kuwa la watu walioshiba. Lakini familia iliyoacha shamba lake na kukimbia vita inaliuliza kila siku kwa maneno mengine. Hiki tulichopewa ni chakula cha mtu? Mwili utakizoea? Watoto watapata nguvu? Mara nyingi jibu linalotolewa ni hili: mababu zetu walikula hivi na hawakuugua. Ndiyo maana ni vizuri kujua historia inasema nini kuhusu sahani ya mababu, kwa sababu mambo mengi yanayosemwa juu yake si kweli, na mengine yanaweza kumdhuru mtu.

Hadithi ya mtu muuaji

Mwaka 1924, huko Taung, Afrika Kusini, wafanyakazi wa machimbo ya chokaa walipata fuvu la kichwa la mtoto mdogo ambaye hakuwa nyani kamili wala mtu kamili. Profesa Raymond Dart wa Johannesburg alilitangaza mwaka 1925 na kulipa jina Australopithecus, maana yake nyani wa kusini. Baadaye Dart alichunguza mifupa mingi ya wanyama iliyopatikana katika pango la Makapansgat. Aliona mifupa imevunjika, pembe zimekatika, taya zimetengana. Akasema kwamba viumbe hao walitumia mifupa, meno na pembe kama silaha, kwamba walikuwa wawindaji wakali, na kwamba kiu ya nyama na damu ndiyo iliyomtoa mtu katika unyani.

Hadithi hiyo ilipendwa sana Ulaya na Marekani, hasa baada ya mwandishi Robert Ardrey kuisambaza katika kitabu chake cha mwaka 1961. Ilikuwa rahisi kuieleza: mtu ni muuaji tangu asili, na vita iko katika damu yake. Afrika ndiyo iliyowekwa kuwa jukwaa la mauaji hayo ya kwanza.

Aliyeiangusha hadithi hiyo hakutumia maneno makali. Alihesabu mifupa. Bob Brain, mtaalamu wa Afrika Kusini, alikaa miaka mingi akichimba pango la Swartkrans. Alichunguza pia mabaki ya chakula cha chui, cha fisi na cha nungunungu wa siku hizi. Aliona kwamba mifupa ambayo Dart aliiita silaha ilifanana kabisa na mabaki ya wanyama wakali. Tena, fuvu moja la mtoto wa jamii hiyo ya kale lilikuwa na matundu mawili nyuma, na meno ya chini ya chui wa kale yaliingia sawasawa katika matundu hayo. Mwaka 1995 wataalamu wengine, Lee Berger na Ron Clarke, walitoa hoja kwamba hata yule mtoto wa Taung aliuawa na ndege mkubwa wa jamii ya tai.

Yaani yule aliyedhaniwa kuwa mwindaji alikuwa kitoweo cha wengine. Hilo halikumaliza mabishano, ila liliondoa uongo wa kwanza: kwamba mtu alianza kuwa mtu kwa kuua.

Meno yanasema tofauti na umbo lake

Mwezi wa saba mwaka 1959, katika bonde la Olduvai kaskazini mwa Tanzania, Mary Leakey aliona vipande vya fuvu vikitokeza kwenye mteremko. Mume wake, Louis Leakey, alikiita kiumbe hicho Zinjanthropus. Alikuwa na umri wa karibu miaka milioni 1.8. Meno yake ya nyuma yalikuwa makubwa mno, na taya lake lilikuwa na nguvu kuliko la mtu yeyote wa leo. Kwa kuangalia umbo hilo, wataalamu walimpa jina la utani, mvunja njugu. Walidhani alikula mbegu ngumu na njugu zenye maganda magumu.

Miaka hamsini ilipita kabla ya jina hilo kuonekana lina kasoro. Mwaka 2011 kundi la Thure Cerling lilipima kemikali iliyo ndani ya meno ya ndugu zake Zinj yaliyopatikana Kenya. Kipimo hicho kinafanya kazi hivi. Miti, vichaka na matunda hutunza aina moja ya kaboni kwa kiasi fulani, na majani ya mbuga na mafunjo huitunza kwa kiasi kingine. Anayekula mimea hiyo anabaki na alama yake katika meno, na alama hiyo haifutiki hata baada ya miaka milioni. Matokeo yalionyesha kwamba karibu robo tatu ya chakula cha viumbe hao ilitokana na majani ya mbuga au mimea ya jamii ya ndago na mafunjo. Hawakuwa wavunja njugu. Walitafuna kwa muda mrefu vitu ambavyo leo mtu angewaachia ng'ombe, au walichimba vitunguu vidogo vya ndago kwenye matope.

Lakini si wote walikula hivyo. Huko Malapa, Afrika Kusini, kuna viumbe wa jamii nyingine walioishi karibu miaka milioni 2 iliyopita. Mwaka 2012 Amanda Henry na wenzake walichunguza ugaga uliokauka juu ya meno yao. Walikuta chembe za majani ya miti na za maganda ya miti, ingawa mbuga ilikuwa karibu nao. Kwa hiyo, katika bara moja na karibu katika wakati mmoja, ndugu hawa walikuwa na vyakula tofauti kabisa. Mtu anayesema "mababu walikula hiki" kana kwamba kulikuwa na chungu kimoja, tayari amekosea.

Nyama: waliwinda au waliokota?

Nyama ililiwa, na hilo halina mashaka. Katika eneo lile lile la Olduvai ambako Zinj alipatikana, kuna mifupa ya swala na wanyama wengine yenye alama za visu vya mawe. Swali lililogawa wataalamu ni hili: nani alifika kwanza kwenye mzoga?

Katika miaka ya 1980 Lewis Binford, Mmarekani mwenye maneno makali, alisema watu wa kale walikuwa waokotaji tu. Simba alikula, fisi akala, kisha mtu akaja kuvunja mifupa na kunyonya mafuta ya ndani. Henry Bunn na Ellen Kroll walimjibu mwaka 1986 kwa kuonyesha kwamba alama nyingi za visu ziko mahali penye minofu minene, mahali ambapo simba hasazi kitu. Robert Blumenschine naye alionyesha alama za meno ya wanyama wakali juu ya mifupa hiyo hiyo. Mabishano hayo yanaendelea mpaka leo, na kila upande unaleta mifupa ile ile kama shahidi wake.

Ng'ambo ya ziwa Tanganyika, kwa upande wa Tanzania kutoka pwani za Fizi na Uvira, kuna hifadhi ya Gombe. Hapo, kuanzia mwaka 1960, Jane Goodall aliwaona sokwe wakiwinda kima na kula nyama yao. Kabla ya hapo wengi waliamini sokwe hula matunda na majani tu. Lakini hata kwa sokwe hao, nyama ni sehemu ndogo ya chakula cha mwaka mzima. Sehemu kubwa ni matunda. Sokwe anaipenda nyama, anaipigania na kuigawa, kisha siku nyingi anashinda kwenye mtini. Huenda mababu wa kale nao walikuwa hivyo: nyama ilikuwa furaha, na mimea ilikuwa uhai.

Samaki wa Semliki

Kuna chakula kimoja ambacho mabishano ya simba na fisi yalikisahau, nacho ni samaki. Hapa ndipo mashariki mwa Congo inapoingia katika historia hiyo kwa nguvu.

Mwaka 2010 kundi la wachimbuzi lilitangaza matokeo kutoka Koobi Fora, kando ya ziwa Turkana nchini Kenya. Katika eneo lenye umri wa karibu miaka milioni 1.95, walipata mifupa ya samaki, ya kobe na ya mamba yenye alama za visu vya mawe, pamoja na mifupa ya wanyama wa nchi kavu. Samaki na kobe wana mafuta ambayo ubongo unayahitaji ili ukue. Tena, kumpata kambare aliyekwama kwenye dimbwi linalokauka hakuhitaji kupambana na simba.

Kwa upande wa Congo, mahali panapoitwa Senga, kwenye Semliki ya juu, wachimbuzi wa miaka ya 1980 walikuta vipande vya mawe vya aina ya zamani kabisa pamoja na mifupa ya wanyama na ya samaki. Walivikadiria kuwa na umri wa zaidi ya miaka milioni 2. Lakini udongo wa pale ulikuwa umehamishwa na kuchanganywa baadaye, kwa hiyo haiwezekani kusema kwa uhakika kwamba mwenye mawe hayo ndiye aliyekula samaki hao. Jiwe na mfupa kulala pamoja si ndoa.

Ushahidi mzito zaidi ulitoka Katanda, kilometa chache kaskazini mwa Ishango. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Alison Brooks na John Yellen walichimba hapo pamoja na wenzao. Walipata vyusa vya mfupa vyenye vijino vilivyochongwa safi, na karibu yake mifupa mingi ya kambare wakubwa. Waliyatangaza matokeo hayo mwaka 1995. Umri wake ulipimwa kwa njia kadhaa, zikiwemo meno ya viboko na mchanga uliovifunika vitu hivyo, na jibu likawa karibu miaka 90,000. Taasisi ya Smithsonian ya Marekani imekadiria kwamba kambare wakubwa waliochomwa kwa vyusa hivyo waliweza kufikia kilo 68, chakula cha kutosha watu wengi kwa zaidi ya siku moja.

Tarehe hiyo ilizua kelele. Katika Ulaya, vyusa vya aina hiyo vilionekana miaka makumi ya maelfu baadaye, na vitabu vya shule vilikuwa vikifundisha kwamba akili ya kisasa ya binadamu ilizaliwa huko. Richard Klein wa chuo kikuu cha Stanford alikuwa miongoni mwa waliotilia shaka. Hoja yao haikuwa ya kipumbavu: mto unahamisha vitu, na chusa cha miaka ya karibuni kinaweza kuteremka hadi kwenye udongo wa kale. Waliochimba walijibu kwamba vyusa vilipatikana katika sehemu tatu tofauti za Katanda, na vipimo vya umri vilielekea upande mmoja. Baadaye pango la Blombos, Afrika Kusini, lilitoa zana za mfupa zenye umri wa zaidi ya miaka 70,000, na wazo la kwamba Waafrika wa kale walichonga mfupa mapema likapata nguvu.

Kambare huyo anaeleza pia jambo la maarifa. Mvua inapoanza, kambare hutoka kwenye maji ya kina na kuingia sehemu za pembeni zilizofurika ili kutaga. Kwa siku hizo chache anapatikana kwa wingi na kwa urahisi. Watu wa Katanda walijua msimu huo na walirudi kuusubiri. Hiyo si kazi ya mtu anayeokota kila anachokiona njiani. Ni kazi ya mtu anayehesabu siku.

Na kuhesabu kulikuwepo kweli katika eneo hilo. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba Ishango na kupata mfupa mdogo wenye mistari iliyochanjwa kwa mafungu katika safu tatu. Leo unakadiriwa kuwa na umri wa karibu miaka 20,000. Wapo wanaosema ni hesabu za namba, wapo wanaosema ni kalenda ya mwezi, na wapo wanaosema ni mistari ya kushikia tu ili mkono usiteleze. Mfupa huo umehifadhiwa Brussels, mbali na mto ulikotoka. Waliouchanja walikuwa wavuvi: kati ya vitu vilivyopatikana nao kulikuwa na vyusa na mifupa tele ya samaki, pamoja na ya viboko na swala.

Vyakula visivyoacha mfupa

Ushahidi wote huu una ugonjwa mmoja. Mfupa hudumu, jani huoza. Mtu akila lengalenga, uyoga, kumbikumbi, asali na viazi vya porini kwa mwezi mzima, kisha akachinja swala mmoja, mchimbuzi wa baadaye atamkuta swala tu. Ataandika katika kitabu chake: hawa walikuwa wala nyama.

Kosa hilo lilikuwa na upande mwingine. Mwaka 1966 wataalamu walikutana Chicago kuzungumza juu ya watu wanaoishi kwa kuwinda na kukusanya. Kitabu kilichotokana na mkutano huo kilipewa jina linalomtaja mwanaume mwindaji. Lakini ndani ya mkutano huo huo, Richard Lee alileta hesabu alizozifanya kati ya watu wa jangwa la Kalahari, zilizoonyesha kwamba zaidi ya nusu ya chakula chao kilitokana na mimea, na sehemu kubwa ya mimea hiyo ililetwa na wanawake. Katika miaka ya 1970 Sally Slocum, Nancy Tanner na Adrienne Zihlman walisema wazi kwamba historia imeandikwa kana kwamba mama alikaa tu kungoja nyama. Walikumbusha kwamba huenda chombo cha kwanza cha binadamu hakikuwa mkuki, bali fimbo ya kuchimbia au kikapu cha kubebea, vitu ambavyo vimeoza.

Kati ya Wahadza, karibu na ziwa Eyasi nchini Tanzania, Kristen Hawkes na wenzake waliwatazama akina bibi. Mwanaume anaweza kurudi mikono mitupu siku nyingi mfululizo. Bibi anayechimba mizizi hurudi na kitu karibu kila siku, na mama akiwa na mtoto mchanga, wajukuu wakubwa hula kutoka katika mikono ya bibi. Wataalamu hao walitoa hoja kwamba huenda ndiyo sababu mwanamke wa binadamu anaishi miaka mingi baada ya kuacha kuzaa. Si wote wanaokubali. Lakini familia yoyote iliyohama ikiwa na bibi ndani yake haitaona hoja hiyo kuwa ya ajabu.

Msitu wa Ituri nao ulikuwa na mabishano yake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Thomas Headland, na baadaye Robert Bailey aliyeishi kati ya Waefe wa Ituri, waliuliza swali la kushtua: je, kuna mtu aliyewahi kuishi ndani ya msitu mnene bila chakula cha mkulima? Bailey aliona kwamba Waefe hupata sehemu kubwa ya chakula chao kutoka mashamba ya majirani zao Walese, kwa kubadilishana nyama, asali na kazi. Kwa maoni yake, msitu hauna wanga wa kutosha. Kama ndivyo, basi Wambuti na ndugu zao hawakuwa wenyeji wa zamani wa msitu, bali walimfuata mkulima.

Majibu yalitoka pande mbili. Julio Mercader alichimba chini ya miamba katika msitu wa Ituri na kukuta zana za mawe pamoja na chembe ngumu za mimea ya msituni, zenye umri wa zaidi ya miaka 10,000, kabla ya mashamba kuwepo huko. Katika Cameroon, Hirokazu Yasuoka alifuatana na Wabaka waliokwenda kukaa msituni miezi kadhaa, akapima chakula chao na kuona kwamba viazi vikuu vya porini viliwatosha. Mabishano haya yalikuwa na uzito kwa watu walio hai, kwa sababu anayeambiwa kwamba mababu zake hawakuweza kuishi msituni, anaambiwa pia kwamba msitu huo si wake.

Moto na chungu

Jambo moja linawakutanisha wengi: binadamu ni kiumbe anayepika. Richard Wrangham alitoa hoja, katika kitabu cha mwaka 2009, kwamba moto ndio uliotupa ubongo mkubwa na matumbo madogo, kwa kuwa chakula kilichopikwa hutoa nguvu nyingi bila kutafunwa siku nzima. Anaweka mwanzo wake karibu miaka milioni 1.9 iliyopita. Wanaompinga wanasema majivu ya wakati huo hayajaonekana. Majivu yaliyo ndani kabisa ya pango la Wonderwerk, Afrika Kusini, yana umri wa miaka milioni 1. Huko Israel, meno ya samaki wenye umri wa miaka 780,000 yana dalili za kupata joto la kupikia, si la kuunguzwa.

Na katika pango la Border, mpakani mwa Afrika Kusini na Eswatini, Lyn Wadley na wenzake walitangaza mwaka 2020 kwamba wamepata mizizi iliyoungua ya mmea wa jamii ya yungiyungi la porini, yenye umri wa hadi miaka 170,000. Mizizi hiyo ilichimbwa nje, ikabebwa hadi pangoni na kuchomwa katika majivu. Kwa nini ibebwe? Kwa sababu kulikuwa na wengine wa kugawiwa. Sahani ya mababu, popote ilipoonekana vizuri, ilikuwa ya watu wengi.

Muhogo si wa mababu hao

Sasa turudi kwenye ile kauli ya nyumbani. Muhogo, ambao leo ni fufu na sombe ya mamilioni ya Wakongomani, ulitoka Amerika ya Kusini. Waliouleta kwenye pwani ya Congo ni Wareno, kuanzia karne ya 16. Mahindi, maharagi, viazi vitamu na karanga vilitoka pia Amerika. Ndizi zilitoka Asia, miaka mingi kabla ya hapo. Vyakula vya Afrika yenyewe ni mtama, uwele, ulezi, kunde, viazi vikuu na mawese. Na hata hivyo ni vya wakulima wa miaka elfu chache tu. Mvuvi wa Katanda hakuvilima.

Kwa hiyo anayesema kwamba muhogo ni chakula cha mababu, kwa hiyo hauwezi kudhuru, amekosea mara mbili. Muhogo mchungu una sumu. Wenyeji wa Amerika waliulima pamoja na maarifa ya kuutoa sumu hiyo, na mababu wa Kongo nao walijifunza: kuloweka siku tatu au zaidi, kumenya, kuanika juani, kutwanga. Pale hatua hizo zinapokatizwa, kunatokea ugonjwa wa konzo. Jina hilo ni la lugha ya Kiyaka, na lina maana ya miguu iliyofungwa. Daktari Trolli aliuelezea mwaka 1938 kutoka Kwango. Mtu analala mzima na kuamka miguu imekakamaa, na hairudi kama zamani. Wanaopatwa zaidi ni watoto na akina mama.

Konzo hupenda nyakati za ukame na za vita. Familia inayokimbia haina siku tatu za kuloweka. Inachimba muhogo leo, inausaga kesho, na haina samaki wala maharagi ya kusindikiza fufu, wakati mwili unahitaji vyakula hivyo ili kuiondoa sumu. Hapo historia ya kale inakutana na chungu cha leo. Tangu kambare wa Semliki hadi mizizi ya pango la Border, kilichowaponya watu hakikuwa chakula fulani kitakatifu. Kilikuwa maarifa ya msimu, ya kupika, ya kuloweka na ya kugawana. Wakati watu wanahama, maarifa hayo yanabaki kichwani mwa bibi na mama, lakini muda na maji ya kuyatumia vinaweza kukosekana.

Kuhusu Semliki yenyewe, kingo zake ziko ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, na uvuvi katika ziwa Edward umeruhusiwa rasmi katika vijiji vitatu tu: Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma. Vita imefanya uchimbaji mkubwa kuwa mgumu tangu miaka ya 1990. Sehemu kubwa ya ushahidi bado iko chini ya udongo, na wanaobishana juu ya umri wa vyusa vya Katanda watahitaji kurudi pale pale ili wamalize kesi yao. Siku amani itakaporudi, huenda watakaoshika sururu kwa mara hii watakuwa vijana wa Beni na Rutshuru, watoto wa wavuvi wanaoijua kambare tangu utoto na wanaojua anakokwenda mvua inapoanza.